Kompyuta mpakato zinadai ufunguo wa tarakimu 48 baada ya sasisho la usalama la Mei

Fundi_Uyole (Mbeya):

Habari za kazi, ndugu zangu. Ninasimamia kompyuta 46 za ofisi moja hapa Mbeya yenye matawi Tukuyu, Kyela na Chunya. Zote zinatumia Windows 10 toleo la 22H2 na hupokea masasisho kupitia seva ya WSUS (inayogawa masasisho ya Windows kwa kompyuta za ofisi) iliyopo makao makuu. Sasisho la tarehe 13 Mei 2025, yaani KB5058379, nililijaribu kwanza kwenye kompyuta mbili za mezani zilizomo chumbani kwangu, likaingia bila tatizo, nami nikaliidhinisha kwa kompyuta zote.

Kesho yake asubuhi simu zilianza kuita. Kompyuta mpakato saba, zote za kundi tulilonunua mwaka jana, zilijizima na kujiwasha mara kadhaa, zikaingia kwenye ukarabati wa kujiendesha, kisha zikasimama kwenye skrini ya bluu ya BitLocker (kinga ya Windows inayoifunga diski kwa ufunguo) inayodai ufunguo wa urejeshaji. Mwanzoni nilizilaumu radi za Tukuyu, lakini Chunya kulikuwa kukavu na hali ilikuwa ileile. Kompyuta za zamani hazikuguswa hata moja.

Funguo nilizozipata ni nne tu. Nikiingiza ufunguo, Windows inawaka na kuliondoa sasisho, lakini baadaye inalipakua tena na mchezo unaanza upya. Mhasibu anajiandaa kufunga hesabu za mwaka tarehe 30 Juni, na mkuu wangu ameniagiza nisitishe masasisho yote hadi Julai. Je, nitekeleze agizo hilo, au kuna njia nyingine?

Fundi_Makambako:

Pole sana, kaka. Kabla ya jambo lolote, fungua kumbukumbu za matukio katika mojawapo ya zile nne. Ukikuta tukio namba 1074 linalosema kwamba lsass.exe, programu ya Windows inayosimamia usalama na kuingia kwa watumiaji, ilikatika ghafla, au tukio namba 20 lenye kosa 0x800F0845, basi tatizo lako linajulikana na Microsoft wamekwisha kulitangaza. Linazikumba kompyuta zenye prosesa za Intel vPro (aina ya kompyuta za ofisi) za kizazi cha 10 na kuendelea ambazo teknolojia ya Intel TXT, inayohakiki usalama wa kompyuta inapowaka, imewashwa, na ndiyo sababu zile mbili za chumbani kwako zilipita salama.

BitLocker yenyewe haina kosa hapa. Lsass ikifa, Windows inashindwa kuwaka. Ikishindwa mara kadhaa inakimbilia mazingira ya ukarabati, na mazingira hayo hayaruhusiwi kufungua diski iliyofungwa mpaka mwenye ufunguo ajitokeze.

Dawa ni sasisho la dharura KB5061768, lililotolewa tarehe 19 Mei. Halikuletwa kwa njia ya kawaida ya Windows Update. Inakubidi ulipakue mwenyewe kutoka Microsoft Update Catalog na kuliweka kwenye flashi. Katika WSUS, ondoa kwanza idhini ya KB5058379, la sivyo utakuwa unateka maji kwa pakacha. Kompyuta inayokubali kuwaka, isakinishie la dharura moja kwa moja. Ile inayokataa kabisa, ingia kwenye bayosi (mipangilio ya msingi inayotangulia Windows), zima kwa muda TXT na mpangilio mwingine wa Intel uitwao VT-d, iwashe kwa ufunguo, sakinisha KB5061768, kisha urudishe mipangilio kama ilivyokuwa. Kabla ya kugusa bayosi ya kompyuta inayowaka, simamisha kwanza ulinzi kwa amri ya manage-bde -protectors -disable C:, kwa sababu mabadiliko ya bayosi nayo yanaweza kuamsha skrini ileile ya bluu. Ukimaliza, usisahau kuuwasha tena. Nimewahi kuikuta kompyuta ya mhasibu ikiwa wazi miezi kadhaa kwa usahaulifu wangu mwenyewe.

Mwalimu_Iringa:

Naongeza kuhusu funguo. Skrini ya bluu inaonyesha kitambulisho cha ufunguo. Chukua herufi na tarakimu nane za mwanzo uzitafute katika Active Directory (hifadhi ya seva yenye kumbukumbu za akaunti na kompyuta za ofisi), kisha katika akaunti ya Microsoft ya mtu aliyeiwasha kompyuta kwa mara ya kwanza. Huko kwenye akaunti binafsi ndiko funguo nyingi hujificha, hasa pale ambapo kompyuta zilitumika kabla ya kuunganishwa na seva. Usipouona popote, diski hiyo ni ya kufutwa, na anayekuambia kwamba atakufungulia kwa malipo anakudanganya.

Kuhusu kusomeana tarakimu kwa simu, kuna jambo ambalo limeniokoa mara nyingi. Ufunguo una mafungu manane ya tarakimu sita, na kila fungu hugawanyika kwa 11 bila kubakiza kitu. Aliye Kyela akikusomea fungu lisilogawanyika, mwambie arudie fungu hilo peke yake, badala ya kuanza upya tarakimu zote 48.

Agizo la kusitisha masasisho, kwa maoni yangu, lina hatari kubwa kuliko tatizo lenyewe. Masasisho ya Mei yaliziba pia udhaifu mitano uliokuwa tayari unatumiwa na wavamizi, na lile la dharura limebeba viraka hivyo vyote. Mwombe mkuu wako akuruhusu kuunda kundi la majaribio katika WSUS lenye kompyuta moja ya kila modeli mliyo nayo, lipokee sasisho siku tano kabla ya wengine. Ulijaribu, na hilo ni jema, ila ulijaribu kwenye kompyuta zisizofanana na zilizoumia.

Fundi_Uyole (Mbeya):

Asanteni sana. Tukio 1074 lipo kwenye zote nne, na zote nne sasa zina KB5061768 na hazijasumbua tangu jana. Funguo mbili zaidi nimezikuta kwenye akaunti ya aliyekuwa msaidizi wangu, ambaye kwa bahati bado anapokea simu zangu. Iliyobaki ni moja ya Chunya, ambayo ufunguo wake haupo kokote. Hesabu zake ziko salama kwenye seva, lakini barua za karani wetu zilikuwa juu ya diski hiyo tu, na nimekwisha kumweleza ukweli. Jumatatu ninapanda Chunya na flashi kuisakinisha upya, na safari hii ufunguo utaingia Active Directory kabla sijamkabidhi. Mkuu ameridhia kundi la majaribio. Kompyuta yake mwenyewe ni ya modeli ileile, nami nimeiweka ya kwanza.