Umeme wa kichwani baada ya ajali ya boda: kliniki, kifaa cha ulimi au mashine ya Kariakoo?

MamaJunia_Tabata
Wakuu habari za saa hizi. Naomba ushauri wa haraka maana Jumatatu natakiwa nitoe hela. Mdogo wangu alipata ajali ya boda akagonga kichwa, hospitali wakasema ni mtikisiko wa ubongo tu atapona, lakini mpaka leo hajakaa sawa. Sasa nina njia tatu. Kuna kliniki moja ya fizio wanamvalisha mkanda kichwani wenye sponji mbili wanapitisha umeme mdogo, elfu 60 kwa siku na wanataka siku 10, ukilipa mkupuo wanapunguza. Ya pili binamu yetu yuko Kanada anasema huko kuna kifaa cha kuweka kwenye ulimi anaweza kututafutia. Ya tatu ni zile mashine ndogo za stika Kariakoo za maumivu ya mgongo, nimeambiwa ni umeme uleule. Ipi bora? Hela yenyewe ya kuungaunga jamani.

Kobe_Mzee
Bora kwa lipi? Umetuhesabia hela zote ila mgonjwa hatumjui. Ana miaka mingapi, aligonga lini, alizimia, alipigwa CT (ile picha ya ndani ya kichwa)? Kinachomsumbua ni kichwa, kizunguzungu, kusahau au usingizi? Ana kifafa? Ana chuma chochote kichwani?

Fundi_Simu
Dada umeme ni umeme, chukua ya Kariakoo. Mi mgongo ulinisumbua mwaka mzima, nimebandika stika wiki mbili nabeba gunia. Hizo za laki sita ni za kuwalipia watu kodi ya fremu.

FizioWaKata
Fundi baki kwenye simu tafadhali. Mi ni fizio na hili jambo linanikera. Mashine ya stika, yaani TENS, inatoa mapigo ya kushtua neva za chini ya ngozi, na yanaweza kufika makumi ya miliampi (kipimo cha ukubwa wa mkondo wa umeme). Haiwekwi kichwani, soma kile kikaratasi chake kabla hujakitupa. Hiyo ya sponji mbili naona wanamaanisha tDCS, ule ni mkondo tulivu wa miliampi 1 hadi 2, kwa kawaida dakika 20 hivi. Haiiamrishi seli ya ubongo ifyatue, yaani itume ishara, inaisogeza tu karibu au mbali na kufyatua. Watafiti Nitsche na Paulus kule Göttingen Ujerumani walilionyesha hilo mwaka 2000, dakika chache tu sehemu ya ubongo inayoendesha mkono ikabadilika wepesi wake. Kwa hiyo ukimlaza mtu na mkanda kichwani bila kumpa zoezi lolote ni sawa na kuwasha gari liungurume gereji halafu unategemea litafika Morogoro. Na kwa mtikisiko wa ubongo ushahidi bado mwembamba, vikundi vya watu wachache na majibu hayafanani. Muulize huyo wa kliniki: sponji unaweka wapi, kwa nini hapo, na mgonjwa atakuwa anafanya nini wakati umeme unapita? Akijibu "tunaweka kichwani mama" ondoka.

Mchaga_Ontario
Hicho cha ulimi kitakuwa PoNS. Ni kijibao chenye vielektrodi 143 unakiweka juu ya ulimi, kinasisimua neva zinazopanda kwenye shina la ubongo. Huku Kanada kiliruhusiwa 2018 kwa watu wenye shida sugu ya balansi baada ya jeraha dogo hadi la wastani la ubongo, tena sharti kiende pamoja na mazoezi ya fizio. Sasa sikilizeni, Marekani FDA, mamlaka yao ya dawa na vifaa tiba, walikikataa 2019 kwa shida hiyohiyo, wakasema huwezi kutenganisha kilichomsaidia mgonjwa ni kifaa au ni mazoezi. Halafu 2021 wakakikubali kwa ajili ya kutembea kwa wagonjwa wa MS, ule ugonjwa unaoharibu neva za ubongo na uti wa mgongo. Kifaa kilekile. Na binamu asijidanganye, hakinunuliwi kama chaja, lazima cheti cha daktari na mtu aliyefundishwa kukitumia.

MamaJunia_Tabata
Samahanini nilikuwa msibani. Ana miaka 24, ajali ni mwezi wa nne sasa unaingia. CT ilipigwa siku ileile ikawa safi, alizimia kidogo hawajui dakika ngapi. Kichwa kinauma kwa nyuma kuanzia shingoni kinapanda kisogoni, akigeuka haraka kizunguzungu. Mwanga hataki. Mama amemfungia chumbani pazia chini mwezi mzima ubongo upumzike. Kifafa hana ila utotoni alikuwa anapata degedege.

Kobe_Mzee
Na la degedege ndo umeliweka mwishoni kama chumvi ya kuonjea! Hilo liwe la kwanza kuwaambia kliniki kabla hata ya kusalimiana.

FizioWaKata
Mwezi mzima gizani hapana jamani. Wataalamu wa majeraha ya kichwa michezoni walikutana Amsterdam 2022 wakasema mapumziko ni siku moja mbili hivi, baada ya hapo aanze kutembea mdogomdogo, dalili zikipanda anapunguza, zikitulia anaongeza. Mwambie mama afungue pazia taratibu. Halafu shingo imeshikwa na nani mpaka sasa? Maumivu ya kisogo yanayotoka shingoni na kizunguzungu cha kugeuka, hapo sponji ya kwenye paji inatafuta nini?

BintiPangani
Mi nitasema yaliyonikuta, mnisamehe kwa urefu. Mwaka juzi niliteleza bafuni nikajigonga, miezi miwili kichwa hakitulii nikaenda sehemu moja (jina naliacha), wana mashine hiyohiyo. Siku ya kwanza dada mmoja mpole akalowesha sponji maji ya chumvi vizuri akafunga mkanda, nikasikia kuwashwawashwa kama sisimizi wanatembea basi, nikatoka nimefurahi. Siku ya nne yule dada hayupo, akaja kijana anaangalia mpira kwenye simu, sponji ameilowesha robo, mkanda umelegea, akawasha akatoka. Dakika za mwanzo sisimizi, baadae ikawa kama mtu ananizimia sigara juu ya nyusi, naita hakuna mtu, naogopa kuivua maana nawaza nitajiunguza ubongo, kumbe ningevua tu. Aliporudi sponji upande mmoja ilikuwa imekauka kama mkate wa juzi. Nikabaki na alama ya duara kubwa kama shilingi mia mbili, nyeusi, miezi mitatu najipaka poda nikienda harusini. Kulalamika wakasema ngozi yangu laini. Hela ya siku sita zilizobaki hawakurudisha mpaka leo, na kichwa kilikuja kutulia chenyewe wakati nimeshasahau kama kiliuma. Kwa hiyo MamaJunia chochote utakachoamua USILIPE MKUPUO.

FizioWaKata
Pole sana. Sponji ikikauka umeme wote unapita kwenye kadoa kadogo ndo ngozi inaungua. Mashine nzuri inapima ukinzani, yaani umeme unavyozuiwa kupita, na kujizima, ila ukiwa na mtu wa mpira kwenye simu basi.

Nabii_Mbagala
Sasa umeme kichwani si ndo ule wanawapiga vichaa wanatapatapa? Mnampeleka kijana wa watu huko?

Kobe_Mzee
Siyo huo. Ule wa wagonjwa wa akili unaenda miliampi 800 hivi, mtu kalazwa nusukaputi, na lengo ni kumletea degedege kwa makusudi. Huu ni 2. Na hata ule siku hizi si wa kutapatapa, unasaidia watu wenye sonona nzito kuliko mnavyodhani.

Nabii_Mbagala
Miliampi 2 au 800 umeme ni umeme. Wazee wetu walikuwa na dawa.

Kobe_Mzee
Wazee wa Roma nao walikuwa na dawa mkuu, tabibu wao Scribonius Largus alikuwa anamwekea mgonjwa wa kichwa samaki wa umeme mzimamzima kichwani mpaka ganzi iingie. Karibu miaka 2000 iliyopita. Nenda feri ukamtafute.

Fundi_Simu
Kuna jamaa mtandaoni wanajitengenezea kwa betri ya volti 9 na waya mbili, elfu kumi inatosha 😂

FizioWaKata
2016 watafiti 39 waliandika barua ya wazi kuwaonya hao wa kujitengenezea. Walisema ukisisimua sehemu moja nyingine nayo inaguswa, na miili haijibu sawa. Fundi nakuomba.

MamaJunia_Tabata
Nimewapigia kliniki, nimewauliza wanaweka wapi wakasema "kote". La degedege wamesema halina shida, na wameshusha mpaka elfu 45. Sasa nimechanganyikiwa, elfu 45 ni nafuu.

BintiPangani
Nafuu ya nini sasa?? Wamekwambia "kote"!

Mchaga_Ontario
Shingo kwanza dada. Na akianza kutapika, usingizi usio wa kawaida au mkono kulegea msisubiri Jumatatu, CT ya siku ya ajali haioni damu iliyovuja baadae.

Mpita_Njia77
Kwani dogo alikuwa amevaa helmeti?

MamaJunia_Tabata
Dereva alikuwa nayo. Ya abiria ilikuwa imening'inizwa kwenye usukani.

Mpita_Njia77
Ndo shida yetu. Tunabishana umeme na kofia ipo inapigwa upepo.

Nabii_Mbagala
Wewe umewahi kuinusa ile ya abiria lakini? Jasho la Mbagala nzima mle ndani. Mi nimetoka na mapunye kwa ajili yake.

BintiPangani
Weka kitambaa ndani. Mimi nilinunua yangu natembea nayo, shida ni nikipanda daladala konda anataka nayo ilipe nauli.