Naomba ushauri: amlodipini (dawa ya presha) kwa anayetumia ritonaviri

Wadau mnaohudumia watu wanaoishi na VVU, naomba ushauri. Mtu yuko kwenye atazanaviri na ritonaviri (dawa za VVU), presha inabaki 150/95 siku mbili tofauti, imepimwa vizuri: ameketi dakika 5, mkono usawa wa moyo, mkanda unamtosha. Mnaanza na dawa gani?

Shida ninayoiona ni hii. Ritonaviri huzuia kimeng'enya cha ini, CYP3A4, kinachovunja amlodipini, kwa hiyo dawa hujaa kwenye damu. Vifundo vya miguu vinavimba, kizunguzungu akisimama, na mgonjwa anaiacha kimyakimya (hili ndilo linaloniumiza zaidi). Je, mnaanza na miligramu 2.5 badala ya 5, na mnasubiri wiki ngapi kabla ya kupandisha?

Au heri lisinoprili, dawa nyingine ya presha, ambayo haivunjwi na ini? Hapo lazima kreatinini (kipimo cha figo) na potasiamu vipimwe, hasa akiwa na tenofoviri pia (dawa ya VVU inayoweza kuathiri figo), na isitumike kwa mjamzito.

Simvastatini, dawa ya kushusha lehemu, najua ni marufuku na ritonaviri, huharibu misuli. Kwa lehemu iliyopanda, mnatumia nini badala yake?