Kengele ya kreni haikulia, lakini mguu ulizama: tulikosea wapi?

Msimamizi wa Zamu

Habari zenu, wakuu. Naomba mawazo ya wenye uzoefu wa kunyanyua mizigo kwa kreni za matairi, kwa sababu wiki iliyopita tuliponea chupuchupu na mpaka sasa sijaridhika na maelezo niliyopewa.

Tulikuwa tukipanga mabamba ya zege, kila bamba tani 4.2 kwa mujibu wa hati zake, na kreni yetu ni ya tani 25. Mpango ulikuwa kunyanyua kwa umbali wa mita 7, lakini siku hiyo njia ilikuwa imezibwa na rundo la mabomba, hivyo kreni ikasimama nyuma kidogo na opareta akarefusha bumu, yaani mkono mrefu wa kreni, hadi kama mita 12. Bamba la tatu lilipokuwa likizungushwa kuelekea upande wa kushoto, mguu wa nyuma wa upande huo, mmoja wa ile inayotolewa kando kuitegemeza kreni, ulizama ardhini kiasi cha upana wa kiganja na kreni ikainama. Opareta, kwa utulivu wa ajabu, alishusha bamba chini palepale, na hakuna aliyeumia. Kinachonisumbua ni kwamba mzigo haukufika hata moja ya tano ya uwezo wa mashine, na kengele ya kuzidisha uzito haikulia kabisa.

Opareta Mkongwe

Pole sana, ndugu msimamizi, na mpongeze huyo opareta, kwa sababu wengi wangejaribu kumalizia mzunguko.

Hizo tani 25 zilizoandikwa ubavuni ni uwezo wa mashine mzigo ukiwa karibu kabisa na katikati yake, takribani mita 3, bumu likiwa fupi na miguu yote imetolewa hadi mwisho. Kazi za namna hiyo ni chache mno. Kinachoipindua kreni ni uzito ukizidishwa kwa umbali: tani 4.2 kwa mita 7 ni kama 29, lakini tani hizohizo kwa mita 12 ni zaidi ya 50. Umbali wenyewe hupimwa kuanzia katikati ya mzunguko wa kreni hadi pale ndoano inapoelekea ardhini, wala si kuanzia kwenye shina la bumu. Tena bumu likipokea uzito hupinda kidogo, na mzigo husogea mbele zaidi ya ulivyokuwa kwenye karatasi. Kumbuka pia kwamba ndoano na kapi zake, slingi (mikanda au kamba za kufungia mzigo) na shakeli (pingu za chuma za kuziunganisha) vyote huhesabiwa kuwa mzigo.

Hata hivyo, sidhani kama jedwali la kreni, linaloonyesha uzito unaoruhusiwa kwa kila umbali, ndilo lililowaangusha. Kengele hupima kinachotendeka kwenye bumu, na haijui lolote kuhusu udongo. Kreni inapozungusha mzigo, mguu ulio upande wa mzigo unaweza kubeba zaidi ya nusu ya uzito wote, yaani mashine pamoja na mzigo. Tuseme mguu huo ulibeba tani 20. Kama chini yake palikuwa na sahani yake tu ya sentimita 40 kwa 40, ardhi ilikandamizwa kwa tani 125 kwa kila mita ya mraba. Mkeka imara wa mbao wa mita 1.2 kwa 1.2 ungeshusha kiasi hicho hadi tani 14. Mliweka nini chini ya mguu ule, na pale palikuwa na nini kabla ya kusawazishwa?

Mfunga Mizigo

Naongeza upande wa ufungaji, ingawa haukuwa chanzo cha tukio hili. Bamba la tani 4.2 likishikwa kwa slingi mbili zinazopanda kwa nyuzi 60 kutoka mlalo, kila slingi huvutwa kwa tani 2.4. Pembe ikishuka hadi nyuzi 45, kila moja hubeba karibu tani 3, na ikifika nyuzi 30 kila slingi hubeba tani 4.2 nzima, kana kwamba mwenzake hayupo. Nimewaona vijana wakichukua slingi fupi kwa sababu ya kutaka kuokoa kimo cha ndoano, bila kujua kwamba wameongeza mvuto bila kuongeza hata kilo moja ya mzigo.

Kingo za zege nazo hukata slingi za kitambaa kama wembe, kwa hiyo kinga ya pembeni ni ya lazima. Tarehe 15 Machi 2008, jijini New York, kreni ya mnara ilianguka na kuua watu 7 baada ya slingi za kitambaa zilizoshikilia kola ya chuma, ile inayofunga mnara wa kreni kwenye jengo, kukatika. Mojawapo ya slingi hizo ilikuwa imechakaa, na hazikuwa zimewekewa kinga kwenye kingo.

Fundi Mitambo

Mimi naona mnafanya mambo kuwa magumu. Kengele ikipimwa na kurekebishwa kila inapotakiwa, opareta ana kila anachohitaji.

Opareta Mkongwe

Kwa heshima, fundi, sikubaliani nawe. Kengele haioni shimo lililofukiwa wala slingi iliyochanika, na upepo unaosukuma bamba pana kama tanga haiupimi inavyostahili. Upepo ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu yake huwa mara nne. Mjini Milwaukee, tarehe 14 Julai 1999, kreni kubwa iliyokuwa imebeba kipande cha paa cha zaidi ya tani 400 ilianguka siku ya upepo na kuua mafundi 3 waliokuwa kwenye kikapu cha kreni nyingine. Hesabu ya upepo juu ya mzigo wenyewe haikuwa imefanywa.

Msimamizi wa Zamu

Nawashukuru wote. Baada ya kusoma majibu haya nilirudi eneo lile nikiwa na futi ya kupimia na mchoro wa mabomba ya maji. Mguu ule ulisimama juu ya mtaro uliofukiwa miezi miwili iliyopita bila kushindiliwa, na chini yake palikuwa na vipande viwili vya mbao vya jukwaa, ambavyo sasa vimepasuka katikati. Mchoro ulikuwa ofisini kwangu wakati wote. Opareta hakuwahi kuonyeshwa.

Nilipima pia kutoka katikati ya kreni, kwa kufuata alama za matairi, hadi bamba liliposhushwa, nikapata mita 13, si 12 tulizokadiria kwa macho. Ndoano, slingi na shakeli zina kilo 400. Kwa hiyo hesabu halisi ni tani 4.6 kwa mita 13, karibu 60, ambayo ni mara mbili ya ile tuliyoipanga. Rundo la mabomba limeondolewa leo asubuhi kwa kazi ya saa moja na nusu.