Mhakiki wa filamu anatazama nini ambacho mimi sikioni?

BintiKondoa aliandika:

Wakuu, habari za jioni. Shikamooni kwa wanaostahili.

Nasoma mwaka wa pili hapa UDOM na nataka kuanza kuandika uhakiki wa filamu. Kuangalia naangalia sana: Bongo muvi, za Kikorea, za Kinaijeria, chochote kinachoingia kwenye flashi. Shida ni kwamba nikikaa kuandika najikuta nasimulia stori tu, kuanzia mwanzo mpaka steringi anaposhinda. Nikisoma hakiki za wenzangu naona wanataja za zamani, tena nyeusi na nyeupe, ambazo mimi nikiziweka nasinzia. Je, ni lazima nizipitie? Na mhakiki anatazama nini hasa? Najua humu kuna kaka mmoja yuko Dodoma anafanya kazi hiyo kwa kujitegemea. Ukipita hapa naomba msaada wako.

MhakikiMakole:

Marahaba, mdogo wangu. Nipo.

Kusimulia stori acha. Msomaji anataka kujua ulichokiona, na kwenye sinema kuona kunaanza pale midomo inaponyamaza. Kila nikikaa mbele ya kioo, iwe muvi ya mwaka huu au ya enzi za ukoloni, swali langu ni moja: kamera inajua nini ambacho wahusika hawajakisema?

Chukua Ladri di biciclette, filamu ya Kiitaliano ya 1948, mwongozaji Vittorio De Sica. Huenda ni mojawapo ya hizo zinazokulaza. Tuko Roma baada ya vita. Baba mmoja amepata kazi ya kubandika mabango, sharti awe na baiskeli, na baiskeli yake iko rehani. Mkewe anang'oa mashuka kitandani, wanakwenda kuyaweka rehani ili wakomboe baiskeli. Sasa tulia hapo. Mtumishi wa pale anachukua furushi lao na kupanda nalo kwenye rafu. Kamera inamfuata anavyopanda. Rafu juu ya rafu, zote zimeshonana mafurushi ya mashuka ya watu wengine, na yeye bado anapanda. Hakuna anayelieleza hilo. Ndani ya sekunde chache umeshajua kwamba nusu ya mji unalala bila shuka. Kwetu, pale mke angekaa kwenye sofa, akashika tama, akasema: "Mume wangu, siku hizi kila mtu ana shida."

Aliyeigiza huyo baba, Lamberto Maggiorani, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani. Nalitaja hilo kwa sababu kila nikikosoa uigizaji naambiwa vyuo hatuna. Mtazame vizuri: muda mwingi ana kazi mikononi. Anabeba ngazi, anapaka gundi, anamshika mtoto mkono. Ameachwa afanye, hakulazimishwa kulia.

Lakini kama una jioni moja tu, usianze na Roma. Anza na La Noire de…, ya Ousmane Sembène wa Senegali, 1966. Ni ya saa moja hivi. Sembène alikuwa mwandishi wa riwaya, akageukia kamera kwa sababu watu wake wengi hawakuweza kusoma Kifaransa alichoandikia. Diouana, msichana wa Dakar, anachukuliwa na familia ya Kifaransa kwenda kufanya kazi Antibes. Anadhani anakwenda kulea watoto na kuiona Ufaransa. Anaishia kupika na kudeki, na Ufaransa yenyewe anaiona kupitia dirisha. Tazama viatu vyake vya kisigino. Anafanyia usafi navyo, amevaa gauni lake zuri, mpaka mama mwenye nyumba anamwambia avivue, asisahau kwamba yeye ni mtumishi. Baada ya hapo hakuna hotuba ya ubaguzi itakayokuongezea kitu.

Wewe wa Kondoa unanielewa. Nenda stendi ya Nanenane alfajiri uwaone mabinti wa Mpwapwa, Kongwa na huko kwenu wanavyopanda mabasi ya Dar kwenda kazi za ndani. Nilimwona mmoja ana begi la shangazi kaja, na viatu vipya ameviweka kwenye mfuko wake peke yake. Hakuvivaa. Kila baada ya muda anafungua mfuko, anavitazama, anafunga. Mpaka leo namtafuta binti yule kwenye filamu zetu. Ninachokutana nacho ni dada wa kazi anayefungua geti, gari linaingia polepole, mlango wa gari unafunguliwa, bosi anatembea mpaka sebuleni. Dakika zinakwenda. Enzi za CD muvi moja iliuzwa Part 1 na Part 2, lazima muda ujazwe, na tabia ile imebaki hata CD zilipokufa.

Kwa za karibuni, tafuta Vuta N'kuvute ya Amil Shivji. Ilizinduliwa kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021, na mwaka uliofuata Tanzania ikaipeleka kuwania Oscar, ya pili baada ya Maangamizi ya 2001. Pale kamera inamheshimu mtazamaji. Denge, mwanaharakati wa kupinga ukoloni Zanzibar, na Yasmin anayempenda, wanaweza kukaa kimya na ukajua hatari iliyopo kati yao. Panaponikera ni wanaharakati wanapoanza siasa: ghafla wanaongea kama wanaosoma kipeperushi. Hata hivyo ningefurahi sana tungekuwa na filamu kumi za namna hiyo kila mwaka.

MzeeWaKibanda:

Mbukwenyi! Kaka Mhakiki nakuheshimu, ila njoo kibandani kwangu Chang'ombe uone. Kukiwa kimya kwenye muvi, watu wanapiga kelele: "Weka mpira!" Mimi nimekulia kwa sauti ya Lufufu, yule mtafsiri wa muvi za nje. Marehemu yule alikuwa anakueleza mpaka anachowaza adui, na kibanda kinajaa. Mteja wangu ameshinda kwenye bodaboda juani, hana nguvu ya kutafuta maana kwenye rafu za mashuka. Anataka aambiwe.

Mwl_Mpwapwa:

Habari zenu. Nafundisha Kiswahili kidato cha tano na sita, kwa hiyo Vuta N'kuvute naijua kuanzia kitabuni, riwaya ya Shafi Adam Shafi. Wanafunzi wangu walipoiona filamu walilalamika mambo mengi yameachwa. Niliwaambia kitabu kipo, wakasome.

Ila Mhakiki, una mkono mzito kwa Bongo muvi. Mwigizaji wetu Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012, hapa kwetu wanawake walilia kana kwamba wamefiwa na jirani. Watu hawalii hivyo kwa bure. Hao unaosema wamekaa kwenye sofa ndio waliotufanya tuone sura zetu na kusikia Kiswahili chetu kwenye runinga wakati tulikuwa tunakodi za Kinaijeria na za Kihindi tu. Fedha ya kupanda rafu mpaka darini waitoe wapi? Sebule ndiyo waliyokuwa nayo.

MhakikiMakole:

Mwalimu, kuhusu Kanumba tuko pamoja kabisa. Alikuwa na sura ambayo kamera inaipenda, na alifariki akiwa na miaka 28, kabla hajapata mwongozaji wa kumwambia apunguze maneno. Hilo linaniuma.

Ila sebule siikatai. La Noire de… sehemu kubwa iko ndani ya nyumba moja! Jiko, korido, bafu, sebule yenye kuta nyeupe. Kwenye ukuta mmoja kumetundikwa kinyago ambacho Diouana mwenyewe aliwapa mabosi wake zawadi kule Dakar. Hicho tu. Kila kamera ikirudi kwenye ule ukuta, kinyago kimebadilika maana, na gharama yake ni msumari mmoja. Sembène hakuwa na fedha kuliko watu wetu wa sasa wenye kamera za kidijitali. Alichokuwa nacho ni uamuzi wa kuitazama sebule. Kwenye muvi zetu sebule ina maua ya plastiki, picha ya harusi, pazia jipya, na hakuna hata kimoja kinachofanya kazi kwenye stori. Naziandikia hakiki kali kwa sababu nazitazama zote, mpaka mwisho. Kuna mhariri aliwahi kuniambia Bongo muvi haistahili kuandikwa kwenye ukurasa wake. Nilibishana naye, na sikumwandikia tena.

Mzee wa Kibanda, Lufufu namkubali. Alikuwa msanii, na bila yeye watu wengi wasingeijua sinema ya nje kabisa. Lakini wateja wako si wavivu wa kuona. Mpira hawatafsiriwi pasi. Beki akisogea hatua mbili wao wameshajua kuna hatari, wanasimama kabla mtangazaji hajasema kitu. Macho hayo hayo ndiyo ninayoyataka kwenye muvi.

Binti, fanya hivi: chukua muvi yoyote unayoipenda, zima sauti, tazama dakika kumi, andika ulichokiona tu. Neno "stori" lisitokee. Kisha washa sauti urudie, uone maneno yameongeza nini. Yasipoongeza kitu, umepata aya yako ya kwanza.

BintiKondoa:

Asante sana kaka, na mwalimu pia. Nimejaribu leo na muvi moja ya Kibongo. Dakika kumi zote nimeandika mistari minne, na miwili kati ya hiyo ni gari. Ile ya Diouana nitaipata ikiwa na maandishi ya chini? Kifaransa sijui.

MhakikiMakole:

Ipo yenye maandishi ya Kiingereza. Ninayo, nitakuwekea kwenye flashi. Ukiitazama, sikiliza pia sauti ya mawazo ya Diouana. Uso ni wa Mbissine Thérèse Diop, sauti ni ya mwanamke mwingine, Toto Bissainthe wa Haiti. Uniandikie umeonaje.

MzeeWaKibanda:

Niletee na mimi. Jumatatu mchana sina mechi. Nitaiweka na nitatafsiri mwenyewe.

MhakikiMakole:

Tafsiri maneno yote, mzee wangu. Kwenye kinyago na viatu zima maiki. Wakipiga kelele nipigie simu, nije nikae nao.

MzeeWaKibanda:

Haya. Jumatatu saa nane. Binti, wewe na wenzako wa chuo mtaingia bure, ila mje na wale wadada wanaofanya kazi kwenye nyumba za mitaa ya Kisasa na Area D, wakipewa ruhusa. Nao bure.