Kila homa ya mtoto naambiwa ni taifodi, nifanyeje?

Mama Wawili, Busia: Shikamooni wakubwa, na wengine hamjambo. Naombeni ushauri. Kijana wangu wa miaka minane anashikwa na homa, kichwa kinamuuma, chakula hataki. Nikimpeleka maabara ya mtaani wanamtoa damu, wanaidondoshea dawa kwenye kigae cheupe, wanakitikisatikisa, dakika chache tu naambiwa taifodi. Anapewa sipro, ile antibayotiki, anapata nafuu, lakini haipiti miezi miwili homa imerudi na karatasi inasema taifodi tena. Je, ugonjwa umejificha kwenye damu? Maji tunanunua kwa wauza jerikeni.

Muuguzi wa Tororo: Pole sana mama. Hicho kipimo ni Widal, kipo tangu 1896. Hakioni kijidudu chenyewe, kinaangalia kingamwili, yaani kinga ambazo mwili hutengeneza kupambana na vijidudu, na hizo hubaki mwilini miezi mingi baada ya mtu kupona. Hata malaria inaweza kukifanya kioneshe taifodi. Kwa hiyo karatasi ile peke yake si ushahidi. Taifodi inathibitishwa kwa kuotesha damu maabara ili kijidudu chenyewe kionekane, kwenye hospitali kubwa, na damu itolewe kabla mtoto hajameza antibayotiki. Homa ikianza, aanze kupimwa malaria siku hiyohiyo. Kituo cha afya cha serikali wanapima bure, na hata VHT, yule mhudumu wa afya wa kujitolea wa kijijini kwako, huenda anacho kipimo cha kidole. Akitapika kila kitu, akidegedeka, au akilala usiweze kumwamsha, usingoje asubuhi.

Bwera Kasese: Dada, msikilize muuguzi, ila usije ukaidharau taifodi. Huku kwetu Kasese, magharibi mwa Uganda, ililipuka kuanzia mwishoni mwa 2007 hadi 2011, ikafika na wilaya jirani ya Bundibugyo. Watu zaidi ya 200 walitoboka utumbo. Homa inayopanda siku baada ya siku pamoja na maumivu ya tumbo ni ya hospitali, si ya duka la dawa.

Mama Wawili, Busia: Asanteni, Mungu awabariki. Kwa hiyo hizo sipro ziliharibu kitu?

Muuguzi wa Tororo: Zikitumiwa ovyo zinawafundisha vijidudu usugu, halafu siku taifodi ya kweli ikija dawa inagoma. Ndiyo maana nasisitiza kupima kwanza. Akiandikiwa na daktari, amalize dozi yote hata akianza kukimbia na mpira.

Mzee wa Bombo: Mwanangu, chunga na vinywaji vya barabarani. Mlipuko wa Kampala wa 2015 ulitokana na maji machafu, na juisi na munanasi (kinywaji cha nanasi) vilivyofungwa kwenye kavera, yaani mifuko ya plastiki, vilikuwamo. Mtoto akipewa pesa ya shule, hivyo ndivyo anavyonunua. Mfungie maji yake kwenye chupa.

Mama Wawili, Busia: Kweli baba, kila siku anarudi ulimi una rangi! Na maji ya jerikeni?

Mzee wa Bombo: Yachemshe mpaka yatokote kabisa, yapoe yakiwa yamefunikwa, uyaweke kwenye chombo chenye koki. Ukiweka sufuria wazi, watoto watatumbukiza kikombe na mkono uliotoka chooni, na kuni zako zimekwenda bure. Sabuni ikae palepale mlangoni pa choo. Halafu muulize muuza maji anachota wapi. Kama ni kisima, choo kiwe umbali wa mita 30 angalau, tena kisiwe upande wa juu wa mteremko.