Mama mkwe kahamia kwetu, faili lake la kliniki ya zamani nalipataje?

binti_wa_pili
Habarini wadau, naombeni msaada hasa nyie mnaofanya kazi za afya. Mama mkwe amehamia kwetu moja kwa moja, ana presha na sukari za miaka mingi na huko alikotoka alikuwa na daktari wake mmoja anayemjua nje ndani. Tumempeleka kliniki ya karibu kumwandikisha, wakamfungulia faili jipya jeupeee, daktari anaanza kuuliza umeanza kuumwa lini, unatumia dawa gani, ulishalazwa, na mama anajibu "kile kidonge cheupe asubuhi na kile cha pinki usiku", yani ikawa vurugu tupu.

Nikapiga simu kliniki ya zamani, dada wa mapokezi ananiambia faili halitoki na hawezi kuniambia kitu maana mi sio mgonjwa. Akapiga mume wangu ambaye ni mwanae wa kumzaa, kajibiwa hivyohivyo. Hivi hii ni sawa kweli? Si faili la mgonjwa mwenyewe? Na hata wakinipa niombe nini hasa maana nasikia ni rundo la makaratasi toka enzi hizo.

Afu kuna jambo dogo ila limemuudhi sana, pale mapokezi wanauliza kwa sauti "mama unasumbuliwa na nini" benchi zima linageuka. Kasema harudi tena pale.

mtunza_mafaili
Pole dada. Mimi nipo kitengo cha kumbukumbu na nakwambia ukweli huyo wa mapokezi alifanya kazi yake vizuri tu, hata kama ilikukera. Kwenye simu hawezi kujua we ni mkwe au ni jirani mwenye umbea au ni mtu anamtafutia mama ubaya. Kuwa mwanae wa kumzaa nako hakutoshi, mama ni mtu mzima ana akili zake timamu, mwenye kuamua nani aambiwe ni yeye. Ila yeye mwenyewe anayo haki ya kujua kilichoandikwa humo. Faili lenyewe kama faili huwa linabaki kituoni, unachopewa ni nakala au muhtasari.

Kwaiyo mwambie mama aandike barua fupi au mumwandikie yeye aweke sahihi, kama hawezi basi dole gumba, aseme namruhusu fulani achukue muhtasari wa matibabu yangu, ambatisha nakala ya kitambulisho chake na cha huyo anayetumwa. Vituo vingine vina fomu yao wenyewe kwaiyo uliza kwanza usije ukaandika mara mbili. Njia nyingine rahisi zaidi ni kliniki mpya iwaandikie wao kwa wao, mama anasaini tu pale, mara nyingi hii inajibiwa haraka kuliko wewe kupiga simu kila siku.

Kitu kimoja watu wanakipuuza, MAJINA. Kama kule aliandikwa kwa jina la baba yake na hapa mmemwandikisha kwa jina la mume, hakuna mtu atakayeunganisha hayo mafaili. Wazee wengi pia tarehe ya kuzaliwa ilikadiriwa tu, huku kaandikwa mwaka huu kule mwaka mwingine. Nimeshaona mgonjwa mmoja ana mafaili matatu kwenye kituo kimoja, kila moja lina kipande chake cha ugonjwa. Pelekeni yale yale yaliyoko kwenye kitambulisho na mtaje na jina la zamani liandikwe pembeni.

nesi_wa_zamu
Naongezea kwenye cha kuomba. Usiombe faili zima dada, daktari ana dakika chache hatasoma hayo makaratasi. Omba muhtasari, uwe na magonjwa yake na yalianza mwaka gani, upasuaji na kulazwa, dawa za sasa na dozi zake, dawa zilizomkataa na chanjo. Halafu kuna majibu matatu ambayo mi ningeyang'ang'ania. Kreatinini ya damu, hiyo ya figo, sio moja tu bali za nyuma pia. HbA1c, ile sukari ya wastani wa miezi miwili mitatu. Na ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, kama alishawahi kupigwa, hiyo omba nakala ya karatasi yenyewe.

Dawa sasa. Hilo la cheupe na pinki lisikupe shida, beba maboksi YOTE mtie kwenye mfuko mmoja, na matone ya macho na za maumivu na za mitishamba pia, usimfichie daktari. Dawa moja ina majina ya biashara chungu nzima, kampuni hii inaita hivi ile inaita vile, rangi nazo zinabadilika. Nimekutana na bibi anakunywa amlodipine, dawa ya presha, mara mbili, boksi moja toka kwa daktari wa zamani na lingine toka kwa mpya, majina tofauti juu, kumbe kitu kilekile, miguu imevimba hatari. Kwenye boksi angalia lile jina la maandishi madogo chini ya jina kubwa, ndilo la kuandikisha.

Kigogo77
Mi naona mnamsumbua tu bibi wa watu. Si arudie vipimo vyote pale kliniki mpya yaishe? Makaratasi ya zamani ya nini.

nesi_wa_zamu
@Kigogo77 mkuu vipimo vya leo vinakuambia leo. Kreatinini ikija juu kidogo daktari anataka kujua ipo hivyo miaka mitano au imepanda mwezi uliopita, hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, la kwanza anafuatilia taratibu, la pili anaanza kutafuta sababu siku hiyohiyo. Metformin yenyewe, ile dawa ya sukari, dozi inategemea figo. Na moyo ni hivyohivyo, siku akija na maumivu ya kifua ECG ya zamani ndo inaonyesha kama hiyo kasoro ni mpya. Kurudia hakukupi historia bana.

binti_wa_pili
Aisee asanteni, nimeelewa kwanini aligoma yule dada. Mama anasema penisilini imeandikwa kwenye cheti chake cha zamani kuwa hawezi, ila nikimuuliza ilimfanya nini anasema tumbo liliharisha tu. Niandikishe hivyohivyo?

nesi_wa_zamu
Mwandikishe lakini mweleze daktari hayo maneno kama alivyoyasema, dawa gani, ilimfanya nini, baada ya muda gani. Kuharisha au kichefuchefu mara nyingi ni maudhi ya dawa tu. Kuvimba midomo, kubanwa pumzi, vipele vya ghafla mwili mzima, huo ndo mzio wenyewe. Wengi sana wenye hiyo alama ya penisilini wakichunguzwa na wataalamu wanaonekana hawana mzio. ILA msijaribishe nyumbani, na amoxicillin ni ukoo huohuo wa penisilini, daktari ndiye aamue kuifuta au kuiacha.

mtunza_mafaili
Hilo la mapokezi, mama ana haki ya kusema "nitamwambia daktari" na akanyamaza. Au andika kwenye kikaratasi usukume dirishani. Wanachohitaji wale ni kujua kama ni dharura na aende chumba gani, basi. Ongea na msimamizi taratibu, wengi hata hawajui wanavyosikika.

Na siku hiyohiyo jazeni sehemu ya mtu wa karibu, mama mwenyewe ataje nani anaruhusiwa kupewa majibu, maana msipojaza mtarudi kulekule kwa simu. Ulizeni pia majibu ya vipimo yanafuatwaje, wanapiga wao au mnafuata nyinyi. Wakikaa kimya msidhani ni mazuri, karatasi inaweza ikawa imelala kwenye trei ya mtu aliye likizo.

binti_wa_pili
Sawa kabisa. La mwisho jamani, dawa zinaisha wiki ijayo na miadi yake iko mbali, muhtasari wenyewe bado. Akae tu bila dawa siku chache?

nesi_wa_zamu
Hapana hapana. Nenda kesho na maboksi na hicho cheti cha zamani, sema ni dawa za kila siku za presha na sukari zinakaribia kuisha, waombe wamwandikie za kumfikisha kwenye miadi, hawasubiri faili kwa hilo. Ebu angalia kama kuna atenolol au yoyote inayoishia na "olol", hizo zikikatwa ghafla moyo unaweza kwenda mbio na presha ikapanda sana.

binti_wa_pili
Ipo. Atenolol 50. Naenda asubuhi.