Kofia ya kwanza ya mkono kwa hela ndogo, tupeane uzoefu

Kijana wa Mbagala
Asalaam aleikum wakuu. Leo tuongee kofia, namaanisha hizi zetu za viua, vile vitundu vilivyozungushiwa uzi, zinazoshonwa kwa mkono, kapelo tuziache. Tangu nianze kujinunulia mwenyewe nimevaa za mashine tu, elfu sita, elfu nane, siku muuzaji ana haraka ya kufunga anakuachia kwa tano. Ya kwanza ilikaa vizuri wiki tatu, nilipoifua ule ukanda wa pembeni ukalala na haukusimama tena. Nyingine ilikuwa na maua ya bluu, nikanyeshewa nikitoka msikitini, rangi ikachuruzika mpaka kwenye kola ya kanzu nyeupe ambayo nilikuwa nimeishonesha kwa ajili ya Idi. Nimekaa nimepiga hesabu, miaka minne nimenunua kama tisa hivi, na leo ukiniambia nitoe moja ya kwenda nayo mbele za watu sina.

Sasa mdogo wangu wa kike anaolewa baada ya Maulidi. Baba ametangulia mbele ya haki, kwa hiyo mimi ndo nitakaa kwenye mkeka na kumshika mkono bwana harusi. Siku hiyo nataka kichwani niwe na kofia ya maana, ya kwanza maishani mwangu. Nina elfu sabini ya Tanzania, haiongezeki kwa sababu kuna mambo ya shughuli yenyewe. Waliowahi kununua ya mkono kwa hela ya mawazo naomba mnisimulie mlivyofanya, mlipokosea na mlipopatia.

Mama Viua, Unguja
Waaleikum salaam mwanangu, na Mungu amrehemu baba. Mie nashona kofia tangu nna miaka kumi na moja, alonifundisha bibi yangu mzaa mama, na mpaka leo ndo inonilishia watoto, basi ntakwambia kwa upande wa sindano.

Kofia ina vipande viwili, duara la juu na ukanda wa kuzunguka. Kitambaa kinawekwa mara mbili, kinachorwa kwa penseli, na mchoraji mzuri ni mtu wa kumtafuta kwa sababu mchoro ukipinda hakuna sindano itakayounyoosha. Halafu ndo unaingia kwenye viua. Kila kitundu unakitoboa, unakizungushia uzi mpaka mdomo wake unakaza, unahamia chengine. Chengine tena. Nkimaliza kupika na kuosha vyombo na watoto wamelala, nakaa chini ya taa, usiku mmoja naweza kutoa safu mbili, macho yakichoka moja. Kofia ya viua vingi hunichukua miezi miwili unusu, mitatu. Akija mtu wa kati kuichukua hunipa elfu arubaini, hamsini, akaenda kuiuza mara mbili yake. Simlaumu, na yeye ana watoto, lakini ujue elfu sabini yako ukiipeleka mkononi kwa mshonaji si hela ndogo hata kidogo.

Kuijua ya mkono igeuze ndani. Usitazame nje, nje hata mashine inapendeza. Ya mashine ndani utaona uzi wa chini umetapakaa, unaruka kutoka ua hadi ua, mara nyengine mna kile kikaratasi kigumu cha kushikilia kitambaa. Ya mkono ndani imetulia karibu sawa na nje. Halafu iinue kwenye mwangaza. Vile vitundu ni vya kupitisha hewa, kichwa kisipate joto, basi kama mwanga haupiti vizuri vimechorwa tu kwa uzi havikutobolewa. Na ukitazama kwa karibu utaona kiua kimoja kinene kidogo kuliko mwenziwe. Hapo ndo mtu alihema, au mtoto alilia akainuka.

Mvita Asilia
Dada Mama Viua maneno yako laiti ningeyapata zamani. Mimi nilipigwa kweupe hapa hapa Mombasa. Ilikuwa Ramadhani kumi la mwisho, mwajua mji unavyokuwa, nikapita kwenye duka moja nikaona kofia ya rangi ya maziwa na uzi wa kahawia, nikaambiwa hii ni ya mkono ya Lamu, elfu tatu na mia tano ya Kenya, nikatoa bila hata kuishika vizuri. Nikafika nyumbani nikampa babu aione. Babu macho yake hayakuwa mazuri tena, hakuitazama, akatia kidole gumba ndani akakipitisha pole pole kwenye ukanda. Akanambia, "Mjukuu wangu, hii yakwaruza." Ndani uzi ulikuwa umejaa kama manyoya. Nilirudi dukani, nikaambiwa bidhaa ikitoka hairudi.

Iliniuma sana kwa sababu zile pesa nilikuwa nimezitafuta kwa kubeba mizigo. Lakini babu hakuniacha vile, baada ya Idi akanipeleka kwa mama mmoja Mji wa Kale, nyumba ya juu, tukakaa kwenye jamvi akatutolea kofia kwenye mfuko wa mto, nne, moja moja. Nilipenda moja bei yake elfu nne na mia nane, sikuwa nazo. Akaniambia nipeleke mia tano kila Ijumaa. Nilipeleka Ijumaa tisa mfululizo, ya kumi nikapeleka mia tatu zilizobaki nikapewa kofia yangu. Mwaka wa tisa huu. Imeshafuliwa sijui mara ngapi na ukanda wake wasimama vile vile. Babu hayupo, lakini kila nikiivaa natia kidole gumba ndani kwanza.

Kwa hivyo kaka wa Mbagala tafuta mshonaji anayekubali kidogo kidogo, wengi wao wakubali wakikujua kwenu ni wapi.

Abu Salma, Maskati
Nimezaliwa Unguja, huku Omani nipo mwaka wa kumi na sita. Huku wanaiita kumma na udugu wake na kofia yetu unaonekana wazi wazi, watu wa pande zote mbili wamekuwa wakivuka bahari karne na karne na kofia zikivuka nao. Huko bara mnaita balaghashia, na wengi wanalihusisha jina hilo na Sultani Barghash aliyetawala Zanzibar 1870 hadi 1888.

Kosa langu mimi lilikuwa saizi. Nilipopata mshahara wa pili nikaenda Soko la Matrah, nikaona kumma ya mkono rangi ya majani makavu, nikailipa riali thelathini na tano, na kwa mshahara wangu wa wakati huo zilikuwa nyingi. Dukani iliingia kichwani vizuri kabisa, imekaza kama nilivyopenda. Nilipoifua mara ya kwanza ikarudi ndani kidogo, kidogo tu, na kidogo hicho kikatosha kuniachia alama nyekundu kwenye paji la uso kila nikiivua. Nikampa mdogo wangu ambaye kichwa chake ni chembamba.

Kwa hiyo pima. Chukua futi kamba ya fundi nguo, zungusha juu ya masikio na katikati ya paji la uso, tuseme umepata inchi 22. Kofia ukiilaza bapa upana wake ni nusu ya hapo, yaani 11, na ndivyo huku wanavyozihesabu, utasikia kumi na nusu, kumi na moja, kumi na moja na nusu. Kama kitambaa hakijawahi kuingia majini ongeza nusu inchi kwenye mzunguko, na muulize mshonaji kama alikirowesha kabla ya kuchora, wapo wanaorowesha. Kimo nacho kiangalie, wewe mwenye uso mfupi ukivaa kofia ndefu inakumeza.

Fundi Redio
Mimi sina ya mkono na sijutii, nasema hivi ili mtu asijione mnyonge. Nafanya kazi kwenye vumbi na risasi ya kuchomelea, kofia yangu ya kila siku ni ya mashine na inanitosha. Ila kwa shughuli ya kumuozesha dada yako ndugu yangu nakuunga mkono, tafuta ile.

Binti wa Tanga
Naomba niseme la upande mwingine, kuna kofia nzuri ambazo hazinunuliwi. Baba alipofariki tulikuta kofia yake kwenye sanduku la mbao, imefungwa kwenye kipande cha khanga. Ilikuwa nyeupe zamani, ikawa rangi ya chai, kwenye ukanda ndani kuna mstari wa jasho umezunguka wote, na juu viua kama saba hivi vimefumuka. Kaka yangu alikuwa anataka kununua mpya kwa sababu ya harusi yake na hela haikuwepo. Nikaichukua ile nikaipeleka kwa bibi mmoja jirani anayeshona, akaishika muda mrefu bila kusema kitu, halafu akaniambia huyu aliyeshona hii alikuwa na mkono.

Alikata elfu kumi na tano. Kwanza aliirowesha usiku kucha kwenye maji ya sabuni, asubuhi akaisuuza, akaipaka ndimu kwenye ule mstari wa jasho akaianika jua kali, akarudia siku tatu. Hakuisugua kwa brashi hata mara moja, alikuwa anaiminya kwa viganja tu kama mtu anayekamua tui. Mstari haukutoka wote, kimebaki kivuli chembamba, na kaka akasema kibaki. Baada ya hapo ndo akavishona upya vile viua saba kwa uzi aliouchovya kwenye chai nyepesi ili rangi isipishane na ya zamani. Siku ya harusi wazee waliomfahamu baba walimtazama kaka kichwani kabla ya kumtazama usoni.

Kwa hiyo muulize mama, muulize na ami zako, kabla hujatoa elfu sabini. Na wengine wanauza zilizovaliwa, usizidharau, kofia ya mkono iliyokwisha fuliwa mara nyingi haitaingia ndani tena, unajua unachochukua.

Mtu wa Leicester
Sisi tulio mbali huku Uingereza tunaagiza kwa WhatsApp. Mimi nilitumiwa picha nzuri nikapokea kitu kingine kabisa, na aliyeniuzia akaacha kupokea simu. Sasa hivi silipi mpaka nitumiwe video, kofia inageuzwa ndani nje, halafu inashikwa dirishani na futi kamba imelazwa juu yake. Mshonaji wa kweli hakasiriki ukimuomba hivyo.

Mama Viua, Unguja
Binti wa Tanga umeniliza. Na huyo bibi yuko sahihi, brashi ndo adui, na mashine ya kufulia usithubutu. Ikishakuwa safi itie kwenye maji ya wanga mepesi, ikamue kwa taulo usiipinde, halafu ivalishe kwenye furuma, ile kalibu ya umbo la kichwa, ikaukie humo kivulini. Wazee walikuwa nazo za mbao za kuchongwa, kofia inakaukia palepale katika umbo lake, haipati nafasi ya kujikunja.

Kijana wa Mbagala
Wakuu narudi na habari, samahani nimechelewa wiki mbili. Nilimuuliza mama kwanza kama alivyosema Binti wa Tanga, kumbe siku ileile aliyozikwa ami yangu mkubwa ndo watu waligawana vitu, kofia ya baba haijulikani ipo kwa nani. Basi nikaulizia hapa mtaani, jirani akanipeleka kwa mama mmoja wa Kipemba, tangu ahamie huku yuko nyumba ya nne kutoka kwangu na sikuwahi kujua kuwa anashona.

Alikuwa nayo moja ameimaliza, nyeupe juu ya nyeupe, hakuna rangi ya kuchuja. Niliigeuza ndani nikatia kidole gumba kama babu yake Mvita Asilia, laini. Nikaipeleka mlangoni jua la saa kumi likapita, nuru ndogo ndogo zikamwagika kwenye kifua cha shati langu, mamia, zikawa zinatikisika kwa sababu mkono ulikuwa unanitetemeka. Yule mama akacheka akasema itikise vizuri uhesabu. Upande wa kushoto juu ya sikio kuna kiua kimoja kinene, nikamuonesha, akanyamaza kidogo akasema siku hiyo nilipigiwa simu ya msiba.

Bei yake ni elfu tisini. Nilimwambia ukweli kuwa nina sabini na kwa nini naitaka. Sikumuomba apunguze, baada ya kusoma hapa mtu anashona miezi mitatu nilishindwa kutamka. Amechukua sabini, ishirini nampelekea mwisho wa mwezi, na kofia amenipa niondoke nayo. Kichwa changu 22 na nusu, kofia ina 23 kavu, kitambaa hakikuroweshwa. Swali langu moja tu Mama Viua, hiyo furuma kwa hapa Dar naipata wapi? Nataka niifue mara moja kabla ya siku yenyewe ili iingie ndani sasa hivi nikiwa naiona.

Mama Viua, Unguja
Hongera mwanangu, na huyo mama mpelekee hiyo ishirini kabla ya mwisho wa mwezi ukiweza. Furuma usihangaike nayo. Tafuta sufuria ndogo isiyo na mikono, izungushie taulo jembamba mpaka futi kamba isome 22 na nusu juu ya taulo, funga na kitambaa cheupe juu yake ili taulo lisiache manyoya, halafu ivalishe kofia ikiwa mbichi. Uiwahi mapema, asubuhi ya Alhamisi, ili Ijumaa uende nayo msikitini uizoee kichwani kabla ya siku ya dada.